Kiti kilichomnyang'anya mama funguo za gari

Jua halijachomoza sawasawa, na tayari Chaji ameshagombana na watu wawili kwa sababu ya kitambaa kimoja.

Wa kwanza ni mwenye gari, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, aliyetoka ndani na kitambaa akitaka kufuta umande kwenye kioo cha dereva. Wa pili ni mwanawe mkubwa, aliyekipokea kile kitambaa ili amalizie kazi ya mama yake.

"Jamani, nimesema gari lisiguswe!" Chaji anafoka, anakinyakua kitambaa na kukikalia. "Huo umande ndio ulionitoa kitandani. Mkiufuta mimi nimeamka bure."

Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mlango wa dereva. Mapajani ana mita ya kupimia umeme. Nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, zimepenya ndani ya mlango kupitia upenyo alioufungua jana jioni kwa bisibisi. Mama amesimama mikono kifuani. Mwana ameegemea ukuta, na funguo za gari ziko mfukoni mwake.

Hizo funguo ndizo zilizowakusanya wote watatu uani asubuhi hii. Mama anazitaka. Mwana hampi, kwa sababu anaamini mama yake ameanza kusahau anachokifanya akiwa nyuma ya usukani. Na mtu aliyemfanya aamini hivyo, bila kukusudia, ni huyuhuyu aliyekalia kitambaa.

Chaji ni fundi wa umeme wa magari, na ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake la utani alilipata ujanani, alipokuwa akichaji betri za watu kwenye kibanda kisichokuwa na ukuta wa mbele. Asidi ilimtobolea mashati yote, ikamwachia doa jeupe juu ya kiganja, na jina likamng'ang'ania kuliko hilo doa.

"Mke wangu akiniita jina langu halisi, najua nina kesi," anasema.

Leo gereji yake ni chumba kimoja cha mabati anachogawana na fundi bodi, mnyoosha magari yaliyobonyea. Mwenzake akianza kugonga, Chaji huziba masikio kwa vipande vya sponji alivyovichomoa kwenye viti vibovu na kuendelea na kazi yake. Kuna wiki magari yanapanga foleni hadi barabarani, na kuna wiki anashinda akicheza drafti na fundi bodi, akishindwa.

"Yeye bahati yake, mgonjwa wake anaonekana alipoumia," anasema. "Wangu anaficha. Gari linazima njiani, likifika kwangu linawaka vizuri kama limekuja kunisalimia tu."

Gari la mama huyu lilikuwa bingwa wa kujificha.

Kiti chake cha dereva kina kumbukumbu. Mlangoni kuna swichi yenye vitufe viwili, cha kwanza na cha pili. Dereva akishajipanga anavyopenda, anaweza kukihifadhi kikao chake kwenye kitufe kimoja. Siku nyingine akikibonyeza, mota ndogo zilizo chini ya kiti humsogeza palepale alipokuwa, na vioo vya pembeni navyo hujigeuza kumfuata.

Kitufe cha kwanza ni cha mama, ambaye lazima kiti kisogee mbele sana ili miguu ifike kwenye breki. Cha pili kilikuwa cha mumewe, mtu mrefu aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango wa nyumba yao. Mume alifariki mwaka juzi.

Mama ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na gari ndilo linalombebea majora ya vitambaa kutoka sokoni na kumpelekea mizigo shuleni. Baada ya msiba alipiga moyo konde, akaligeuza banda la gari kuwa chumba cha kushonea, akaingiza meza ndefu ya kukatia na cherehani zake mbili. Gari likahamia uani, likawa linalala nje.

Miezi michache baadaye kiti kikaanza vituko. Mama ametulia, hajagusa kitu, mara kinanguruma na kumvuta nyuma mpaka mwisho, kwenye kikao cha marehemu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu aliwaambia wanawe, nao wakatazamana.

Halafu ikatokea ya getini.

Asubuhi hiyo alisimamisha gari, mguu kwenye breki, gia imeingizwa, akisubiri mkwe wake afungue geti. Gari hilo likishika mwendo, kiti hakikubali kusogea. Likiwa limesimama kinakubali, gia iwe imeingizwa au haijaingizwa. Kiti kikarudi nyuma, mguu ukaponyoka breki, gari likajisogeza taratibu na kulisukuma geti. Mkwe aliruka kando, kandambili moja ikabaki chini ya tairi.

"Mke wangu alikuwa kati ya gari na lile geti," mwana anasema. "Watu wananiona nimemfungia mama kama mtoto. Wao hawakuiona ile kandambili."

Alilipeleka gari kwenye gereji mbili. Ya kwanza ikasema haioni kosa. Ya pili ikasema haioni kosa, ila wakitaka inaweza kukata nyaya za kiti zote, kiti kibaki kilipo milele. Ya tatu ilikuwa ya Chaji.

Hapa ndipo Chaji anapokuna kichwa akisimulia. Ana desturi moja anayojivunia: hafungui kitu kichafu. Gari likiingia kwake, kabla ya lolote, anavuta mpira wa kompresa na kupuliza upepo kwenye vitufe, kwenye pembe za milango na chini ya viti, mpaka vumbi lote litoke. Fundi bodi humtania kwamba siku moja atampuliza na mteja.

Alilipuliza gari la mama. Akalikagua kutwa nzima. Alibonyeza vitufe, akapanda, akashuka, akafunga mlango kwa kishindo, akakitikisa kiti kama anayemwamsha mtu. Kiti kilikuwa na adabu zake zote. Jioni mwana alipokuja kuuliza, Chaji akamjibu anavyojibu siku zote.

"Gari halina kitu."

Mwana akashukuru, akatia funguo mfukoni, na hazikutoka tena. Nyumbani mjadala ukawa umefungwa. Mafundi wa gereji tatu wamesema gari ni zima, basi mama ndiye anayebonyeza kitufe cha mumewe bila kujijua, kwa majonzi au kwa uzee.

"Nilimwambia mwanangu, baba yako namkumbuka kila siku," mama anasema, "lakini simtafuti kwa kidole."

Siku ya tatu alivaa viatu vyake vya kufunga, akatembea kwa miguu mpaka gereji, futi ya kupimia ingali shingoni. Chaji alikuwa chini ya gari la mtu, akaona viatu kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema nimeanza kusahau?"

"Hapana, mama yangu. Mimi nilisema gari halina kitu."

"Kama gari halina kitu, mwenye kitu ni mimi. Au nimekosea hesabu?"

Chaji alitoka chini ya gari, akabaki amekaa sakafuni.

"Fundi mwenzangu," mama akaendelea, "mteja akiniletea gauni akasema linambana kwapani, mimi siliangalii kwenye hanga nikamwambia gauni halina kitu. Namwambia, livae nione." Kisha akavuta kreti la betri, akalikalia, akasema haondoki mpaka aambiwe ni lini fundi atakuja kuliona gari likiwa limevaliwa.

Fundi bodi aliacha kugonga ili asikie vizuri. Chaji aliona haya, anasema, lakini zaidi ya haya aliona hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Mtu mzima alikuwa amenyang'anywa gari, kazi na heshima ndani ya nyumba yake, na ushahidi uliotumika ulikuwa neno lake yeye. Aliapa kwamba ataitoa siri ya kile kiti hata kama atalifungua gari mpaka libaki fremu.

Usiku huo alimsimulia mkewe kila alichofanya, kuanzia kompresa mpaka jibu lake la jioni. Mke alikuwa anakunja nguo, wala hakuinua kichwa.

"Mbona unamwogesha mgonjwa maji baridi, halafu ndiyo unampima homa?" aliuliza.

Chaji aliacha kula. Upepo wa kompresa hauondoi vumbi peke yake, unakausha pia. Gereji zote tatu zilipuliza, kwa sababu mafundi wote wamefundishwa hivyo. Zote zililipokea gari mchana, jua limeshalipiga. Na mwana anapoliendesha, anaondoka saa nne huku vioo vimefungwa. Hakuna aliyewahi kuliona gari hilo likiwa na maji.

Ndiyo maana jana alikuja na vifaa vyake, akaunganisha mita kwenye waya wa swichi, akaagiza gari lilale kama linavyolala, na asubuhi hii amekalia kitambaa.

"Haya, mama," anasema sasa. "Fanya kila kitu kama siku ile."

Mwana anatoa funguo kwa shingo upande. Kwanza anatia matofali mbele na nyuma ya matairi, anamwita mke wake asimame mbali, na anamwapisha mama yake kwamba gia hataigusa. Mama anaapa huku akiangalia juu. Anapanda, anabonyeza kitufe cha kwanza, kiti kinamsogeza mbele. Anawasha gari.

Mita inasoma volti tano, imetulia. Chaji anawaeleza kwa kifupi: kutoka kwenye swichi waya wa kupeleka taarifa ni mmoja tu, na kila kitufe kina volti zake. Ukikibonyeza cha kwanza zinashuka kidogo. Ukikibonyeza cha pili zinashuka mpaka mbili na nusu hivi, na kompyuta iliyo chini ya kiti inajua ni wapi pa kwenda. Asipobonyeza mtu, zinatakiwa kukaa kwenye tano.

"Kisha unafanya nini?" anauliza.

"Nashusha kioo. Namwagiza mkwe kazi za siku."

"Shusha. Mwagize."

"Nimwagize nini sasa, na wote mnanitazama hivi?"

"Chochote, mama."

Kioo kinashuka, na umande wote ulio juu yake unaingia nacho mlangoni. Mama anamwambia mkwe wake kwamba zile kola zipigwe pasi kabla ya kushonwa. Namba hazitikisiki. Anapandisha kioo. Mwana anaangalia saa yake.

"Siku ile ulikipandisha ukaondoka?" Chaji anauliza. Jasho limeanza kumtoka, na asubuhi yenyewe ni ya baridi.

"Siku zote nakumbuka jambo la pili," mama anasema, na anakishusha tena. "Na ule uzi mweusi, usichanganye na wa buluu! Wiki iliyopita ulinishonea mfuko..."

"Nne nukta saba," Chaji anasema.

Mama bado anaendelea na habari ya mfuko. Nne nukta moja. Tatu nukta sita. Chaji anazisoma namba polepole, sauti ikimpanda, na mwana anaacha ukuta na kuja kuchuchumaa kando yake. Tatu. Mbili nukta nane. Mbili nukta sita.

Kiti kinanguruma. Mama anavutwa nyuma, miguu inaachana na breki, na yeye anainua mikono yote miwili juu mpaka inagusa paa.

"Mikono yangu iko wapi?" anapiga kelele. "Semeni! Mikono yangu iko wapi?"

"Iko juu, mama," mwana anajibu.

"Nani kabonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza." Mwana anashika kichwa. "Mama, nisamehe. Nimekudhulumu."

Mama anataka kujibu kwa ukali, inaonekana usoni, lakini machozi yanamwahi. Mkwe anakuja mbio na kumfuta kwa upande wa kanga yake. Chaji anainuka na kuwapa kisogo, anajifanya anazikunja nyaya za mita.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mikono tu. Chaji alilitoa kava la ndani la mlango na kuwaonyesha. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yana tundu lake la kutokea chini. Kinachoyazuia yasifike kwenye swichi ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava. Hii ya mama ilikuwa imechanika, pengine kioo kilipotengenezwa zamani, na wakati gari lilipokuwa likilala bandani haikuwa na madhara. Lilipohamia nje, kila asubuhi umande uliteremka na kioo, ukapitia penye mchaniko, ukadondokea kwenye soketi ya swichi. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Maji yakishavilowesha, umeme huvuja kidogokidogo kutoka waya hadi waya, mpaka kompyuta inadhani kuna mtu amekibonyeza kitufe cha pili.

Alivisugua kwa spiriti na mswaki wa zamani, akabadilisha vile vilivyolika. Hakuchomoa betri hata mara moja, akihofia kikao cha marehemu kisije kikafutika. Hilo hakuambiwa na mtu.

Kisha akatoa kipande cha plastiki na gundi ili azibe ule mchaniko.

"Kiraka?" mama aliuliza. "Kwenye gari langu?"

Aliibandua nailoni yote kwa kucha, akaenda nayo bandani, akaitandaza kwenye meza ya kukatia juu ya nailoni mpya nzito. Akaizungusha chaki, akaacha upana wa kidole pembeni kwa ajili ya gundi, akatoa matundu ya nyaya kwa mkasi mdogo wa vifungo. Ilipowekwa mlangoni ilikaa bila kukunjamana hata mahali pamoja. Chaji aliipapasa kingo zote, akasema hajawahi kuona mlango wa gari ukishonewa sare.

Wakati wa kufunga kava, mwana alimsogelea fundi. "Kile kitufe cha pili," alisema kwa sauti ya chini, "si ungekikata tu? Tuishi kwa amani."

Chaji alimtazama mama.

"Kisiguswe," mama alisema.

Alipanda kwenye gari na kukibonyeza mwenyewe. Kiti kilirudi nyuma, kikashuka, vioo vikajigeuza. Miguu yake haikufika popote. Alikaa hivyo kwa muda, mikono mapajani, akitazama kwenye kile kioo kilichopangwa kwa macho ya mtu mwingine.

"Alikuwa anaona mpaka barabarani," alisema. Kisha akabonyeza cha kwanza, akaletwa mbele. "Sasa nikienda kwake, nimekwenda kwa kupenda kwangu."

Gereji kwa Chaji, mpira wa kompresa siku hizi umetundikwa juu, mahali ambapo lazima avute kiti ili aufikie. Anasema amefanya hivyo makusudi, ili apate nafasi ya kumsikiliza mteja kabla hajapuliza. Mpango wake ni kuwa na sanduku la vifaa la kubeba mgongoni na kuyafuata magari yanakolala, asubuhi, kabla hayajapanguswa uso. Fundi bodi amekubali kumlindia gereji saa hizo, kwa sharti kwamba apunguze visingizio akifungwa drafti.

"Na lile jibu langu nimelizika," Chaji anasema. "Sitamwambia mtu tena gari halina kitu. Nitamwambia mimi sijaliona kosa bado. Nikiwahi kulisema lile, najua kuna mtu nyumbani atanyang'anywa kitu chake."

Asubuhi ya pili baada ya matengenezo, Chaji amerudi uani bila kuitwa. Siku moja, anasema, haijamtosha kuamini. Umande ni mzito, kioo cha dereva kimekuwa cheupe. Matofali hayapo. Mama ameshika funguo zake, nyuma kumejaa marobota ya sare.

Gari linasogea mpaka getini na kusimama. Mkwe anataka kwenda kufungua, lakini mumewe anamshika bega na kumrudisha. Anakwenda yeye. Anasimama palepale alipokuwa amesimama mkewe, mbele ya bampa, mgongo kwenye geti.

Mama anashusha kioo na kutoa maagizo. Kola, uzi, mkaa wa pasi. Anakipandisha. Mwana hajasogea. Kioo kinashuka tena, maji yanatiririka nacho mlangoni, na kiti kimetulia tuli.

"Na vile vifungo vya mashati," mama anamwambia mwanawe. "Usisahau."